Unga wa Ukuta wa Mama Nafula

Nimeacha kupanda ngazi. Magoti ndiyo yaliyoamua. Mimi nilikubali tu, kama nilivyokubali mambo mengi ambayo Mungu aliyapitisha bila kuniuliza. Ninyi vijana mnaoendelea na kazi ya rangi huku Makadara mmeniomba niwaandikie machache kuhusu miaka yangu ya brashi, hasa ile ya tisini, wakati nyumba zetu za Eastlands zilipambwa kwa chokaa, kwa makopo ya rangi yaliyobaki kwenye kazi za wenye uwezo, na kwa maombi. Habari ya nani alinilipa nini sitaigusa. Mlitaka pia mbinu. Zipo, lakini nyingi nilizipata kwa kuanguka nazo, kwa hiyo itabidi mvumilie na maanguko.

Siku ya kwanza nilifika kazini nimevaa shati jeupe. Nilikuwa nimetoka Machakos na cheti cha shule ya Biblia, nikakaa kwa binamu yangu nikisubiri kanisa liniite kwenda kuhubiri. Kanisa halikuita. Aliyeniita ni Mzee Okumu, mpaka rangi wa siku nyingi katika mtaa ule, mtu mrefu kutoka Busia ambaye maneno yake yalitoka kama rangi ya mafuta siku ya baridi. Alinitazama kutoka kola hadi viatu.

"Wewe ni fundi au bwana harusi?"

"Nimekuja kujifunza, Mzee."

"Sawa. Shati litatangulia."

Kufikia jioni shati lilikuwa limehitimu. Mimi nilibaki darasani muda mrefu zaidi. Kwa siku nyingi sikupewa brashi, nilipewa msasa na ukuta. Nilisugua hadi nikaanza kuota vumbi. Nilipouliza zamu yangu ya kupaka itafika lini, Mzee Okumu alipitisha kiganja kikavu juu ya ukuta, akanionyesha unga uliobaki mkononi, akaenda zake kunywa chai. Nilikuwa nimesoma nyaraka za mitume kwa kina, lakini somo hilo lilinichukua wiki nzima kulielewa: ukuta wenye vumbi hauli rangi, unaitema.

Mtu huyo hakununua kifaa kama angeweza kukipata bila kukinunua. Mlango wa bati alioombwa kuupendezesha aliupaka hudhurungi nyepesi, akangoja ikauke, kisha akapaka nyeusi-nyeusi juu yake, nyembamba sana. Halafu alitoa mfukoni kipande cha mpira wa tairi alichookota kwa washona viatu vya akala wa Kariokor, amekikata meno kwa wembe kama kitana. Alikivuta taratibu kutoka juu hadi chini, huku akitetemesha mkono kidogo. Bati likawa mbao ya mvule, na mishipa yake na mafundo yake. Mara ya kwanza nilipojaribu mimi, mwenye nyumba aliuliza kwa upole kama mlango umekwaruzwa na paka. Nilimwambia ni mtindo mpya. Mzee Okumu, aliyekuwa nyuma yangu, alisema, "Ni mtindo wa paka," akaufuta wote.

Chokaa yake nayo ilikuwa na siri ambayo haikuwa siri, maana alimwambia kila aliyeuliza. Loweka chokaa usiku kucha. Tia chumvi ya jikoni. Pika uji mwembamba wa unga wa ngano, uchuje kwa kitambaa usiwe na mabonge, uchanganye ungali vuguvugu. Mwisho tia bluu kidogo, ile ya kufulia, ili weupe usiwe na umanjano. Bluu inataka kiasi. Niliwahi kupaka chumba cha mwalimu mmoja kule Jericho nikazidisha, na alipoingia aliuliza kama anga limeshuka. Chumvi na uji ndivyo vinavyoishika chokaa isitoke. Bila hivyo unakuwa umempaka mteja unga ukutani na kumwombea asiuguse.

Na hapo ndipo lilipoingia koti.

Mzee Okumu alikuwa na koti kuukuu la sufu, jeusi, limeliwa na nondo kwenye mikono, analibeba chini kabisa ya begi. Chokaa ikishakauka barabara, alilivaa, jua liwake lisiwake, akaegemea ukuta kwa mabega yote mawili, akakaa hivyo akisimulia habari za mpira wa Jumapili. Kisha aligeuka na kusema, "Tazama." Mgongo ukiwa safi, tunakusanya vifaa. Mgongo ukiwa na weupe, tunaanza upya. Nilimcheka kimoyomoyo. Siku moja nikamuuliza kwa nini asipitishe kidole tu.

"Chumba cha kwetu ni kipana kiasi gani?" akaniuliza.

"Kidogo, Mzee."

"Viti hukaa wapi?"

"Ukutani. Kuzunguka."

"Basi anayekagua rangi hapa ni mgongo wa mgeni. Kidole chako kinakupenda, hakiwezi kukusema."

Alipozeeka akarudi Busia, aliniachia brashi, kipande cha mpira, ngazi yenye kipago kimoja cha uongo, kisichobeba mtu, na koti. Wakati huo nilikuwa nimeshafanywa shemasi. Ukaja mwezi wa saba wenye baridi kali, kanisa likawa linakusanya nguo za wahitaji, na mimi nikasimama mbele ya watu wote nikalitoa lile koti. Waumini walisema amina kwa nguvu. Ni rahisi kutoa kwa moyo mkunjufu kitu ambacho hukukinunua na hukuona kazi yake. Nilikaa chini nikijisikia kama yule mjane wa senti mbili, nikasahau kwamba mjane alitoa vyake.

Baada ya hapo nilifanya kazi peke yangu, na nilifanya kama mtu aliye peke yake. Kuna nyumba Huruma, orofa ya tatu, nilipaka mlango wa chumba rangi ya mafuta pande zote na kingo zake, nikaufunga ili vumbi lisiingie, nikiwa ndani. Rangi ilikauka ikaushika mlango kwa fremu. Niliimba nyimbo za injili dirishani hadi jirani akaelewa kwamba sifurahi. Kuna wakati nilichanganya mabaki ya makopo yote niliyokuwa nayo, kijani, maziwa, nyekundu ya vigae na kitu ambacho kopo lake lilikuwa limepoteza jina, nikapata kijivu kizuri ambacho mama mmoja alikipenda sana sebuleni. Akataka na chumba cha kulala kipakwe hichohicho. Nimejaribu kukitengeneza tena hadi leo. Ushauri wangu: ukichanganya mabaki, changanya ya nyumba nzima kwa mara moja, maana hakuna duka litakalokuuzia bahati yako ya jana.

Sasa Mama Nafula.

Alikuwa mjane aliyeuza mboga kando ya Jogoo Road, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya yetu. Aliishi chumba kimoja cha zile nyumba za zamani, na jiko dogo pembeni. Binti yake Nafula alishona nguo kiwandani, na alikuwa amechumbiwa na kijana dereva aitwaye Musyoka, mtoto wa watu wa kwetu Ukambani. Jumamosi hiyo wakwe walikuwa wanakuja rasmi, wazee na kina mama, kuzungumza mambo ya ndoa. Mama Nafula alinijia baada ya ibada, akanivuta kando.

"Shemasi, unamjua shangazi yake Musyoka?"

"Shangazi Mbithe. Namfahamu kidogo."

"Alikuja juzi kuniamkia. Alikaa kwenye ncha ya kiti, hivi." Akanionyesha, amejikunja, mkono mmoja umeshika sketi na mwingine umevuta koti mbele. "Chai yangu aliinywa vizuri. Lakini nguo zake alizishika mpaka akaondoka. Ukuta wangu una moshi wa stovu, najua, simlaumu. Ila ametoka akasema kwao, na yamenifikia, kwamba msichana anatolewa jikoni."

Nikamwambia tutapaka, na chumba kitakuwa cheupe kuliko cha wakwe zake.

"Sitaki waone utajiri," akasema. "Sina. Nataka wakae bila kushika nguo zao. Nafula asiingie kwa watu akiwa tayari amedharauliwa."

Hilo tu ndilo aliloomba. Wageni wakae bila kushika nguo zao. Katika maisha yangu ya kazi sikupewa maelezo yaliyo wazi kuliko hayo.

Alhamisi nilianza vizuri. Nilisugua moshi kwa sabuni na magadi, nikaziba nyufa, nikaloweka chokaa kwenye pipa uani. Nikanunua pakiti ya unga wa ngano na chumvi kwa ajili ya ule uji, nikaviweka juu ya meza ndogo kando ya jiko, nikatoka kutafuta ngazi. Niliporudi, chumba kilinukia chapati. Mama Nafula alikuwa anasukuma, na jirani yake Mama Auma ameketi mlangoni akila moja.

"Shemasi, Mungu akubariki," akasema Mama Nafula. "Nilikuwa nawaza nitawapa nini Jumamosi zaidi ya wali. Nikaona umeniletea unga, na chumvi juu. Nikasema nijaribu chache nione kama mkono bado unakumbuka."

"Mashemasi wengine huleta mistari," akasema Mama Auma. "Wewe umeleta na unga."

Nilifungua mdomo kusema unga ni wa ukuta. Mama Nafula akaweka chapati ndani yake, au karibu na hapo. Nikaibariki, nikaila. Ilikuwa laini. Mtu akishasifiwa kwa ukarimu mbele ya jirani hawezi kudai pakiti irudishwe, hasa ikiwa nusu yake anaitafuna.

Nikaenda dukani, nikanunua nyingine. Nilikusudia kuingia nayo kimya na kupika uji wangu uani. Lakini ule ua ni wa watu wengi, na Mama Auma ana macho. "Mama Nafula," akaita, "toka uone. Ameongeza nyingine." Nikapokewa pakiti mikononi. Mama Nafula alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili na macho yake yalikuwa na maji. Akasema sasa zitatosha wageni wote.

Ndugu zangu, ningeweza kununua ya tatu. Duka halikuwa mbali. Lakini nilijiona nikiingia nayo, nikaona kwaya yote ikiitwa. Nikajiambia chokaa ya siku hizi ni imara. Nikajiambia imani ni kuwa na hakika ya mambo yatarajiwayo. Huo mstari haukuandikwa kwa ajili ya chokaa, na nilijua, maana cheti ninacho. Nikapaka.

Ijumaa jioni chumba kiling'aa. Niliweka bluu kwa kiasi. Chini, kimo cha kiuno, nilizungusha mstari mwembamba wa maji ya bahari, rangi iliyobaki kwenye kazi ya zahanati, na madirisha nikayapaka hiyohiyo. Nafula alirudi kutoka kiwandani akasimama mlangoni na mkoba begani.

"Sasa hii ni nyumba yetu ama nimepotea?" akasema. "Shemasi, umeifanya fiti sana."

Nikapitisha kidole ukutani. Kikatoka safi. Chokaa mbichi haitoki, ikiwa na unyevu inatulia kama mtoto mbele ya mwalimu. Na kidole changu kilinipenda.

Jumamosi asubuhi nilifika mapema nikiwa na suti yangu nyeusi, ile ya ushemasi, kwa sababu nilikuwa nimealikwa kuwaombea kabla wageni hawajafika. Walikuwamo Mama Nafula, Nafula na Mama Auma. Viti vilikuwa vimeazimwa kutoka vyumba vyote vya ule ua, vimezungushwa ukutani. Nilisimama kwenye pengo lililobaki, nikaegemea kidogo, nikafumba macho, nikaomba. Niliombea safari ya wageni, wazee wao na wetu, ndoa, watoto watakaozaliwa, viongozi wa nchi, na mvua za Ukambani. Sikuwahi kulaumiwa kwa sala fupi.

"Amina," wakasema. Halafu nikasikia Mama Auma akipumua kwa shida, kama mtu anayezuia chafya.

"Shemasi," akasema Nafula, "hebu geuka."

Nikageuka.

"Mama, ona."

Nikavua koti. Mgongo wote ulikuwa mweupe, kutoka mabega hadi kiunoni, kama nimelalia unga. Na kweli ni unga niliokosa. Mama Auma akashindwa, akatoka nje kucheka kwa heshima. Mama Nafula hakucheka. Alikaa kwenye kiti kimoja, katikati kabisa ya safu, na akafanya kitu ambacho sikukisahau: alijivuta mbele hadi kwenye ncha, akaishika nguo yake, mbali na ukuta wake mwenyewe.

"Wako njiani," akasema.

Nilisema nitapaka upya. Nafula akaniuliza itakauka lini. Nikasema kesho. Nilisema tuwaombe wageni wakae uani. Mama Nafula akasema uani ni kwa kamba za nguo na bomba. Nikaanza kusema Mungu atafungua njia, na Nafula akasema, si kwa ubaya, "Shemasi, tuache Mungu kidogo afikirie," akawa anatazama kochi lao moja. Mgongo wa kochi ulikuwa umefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kile mama zetu wote hufuma kwa sindano, chenye maua katikati, na mikono ya kochi ilikuwa na vidogo vyake.

"Mama Auma una vitambaa vingapi?"

"Vya makochi? Vya meza? Vya redio?"

"Vyote."

Basi nikaona kazi ya uchumi wa ua mmoja. Kila chumba kilivuliwa. Vilitoka vitambaa vya makochi, vya televisheni, vya juu ya mtungi wa maji, kimoja cha mama wa mwisho kwenye kona ambacho kilikuwa cha harusi yake na alikitoa akikibusu. Mimi, fundi, nilipewa kazi niliyostahili: kupigilia misumari ya kalenda kuzunguka chumba, kimo cha bega la mtu aliyeketi, na kuifunga kamba. Wanawake wakavibana vitambaa kwa vibanio vya nguo, kimoja kikishika kingine. Tulipomaliza chumba kilikuwa kimevaa ukosi wa maua pande zote. Nilisema kinapendeza. Nikaambiwa nisogee mlangoni.

Wageni waliingia na "Hodi" na "Bwana asifiwe". Shangazi Mbithe alikuwa mbele, mwanamke mpana, amevaa suti ya kijani kibichi. Alisimama, akazungusha macho. Akagusa kitambaa kimoja. "Nani amefuma hivi?" Mama Nafula akasema, "Ni mikono ya hapa." Halikuwa neno la uongo, mikono ilikuwa ya hapahapa, ya vyumba vyote. Shangazi akaketi kwenye ncha ya kiti. Mkono mmoja ulishika sketi.

Mimi niliketi karibu na mlango, nikiwa nimevaa sweta ya mume wa Mama Auma, na sikusikia lolote la mazungumzo ya ndoa. Nilikuwa natazama mkono ule. Wazee walizungumza, chai ikapita, mkono ukiwa palepale. Zikaja chapati. Shangazi alilazimika kuiachia sketi ili ale. Akala moja, akatazama wali akaupita, akachukua nyingine. Mzee wao msemaji alisimulia habari ya mbuzi aliyekataa kupanda gari, na ilikuwa ndefu na ya kuchekesha, na Shangazi alipocheka alirudi nyuma. Alirudi nyuma kabisa. Mabega yake yaligusa vitambaa, na hakutoka tena. Alikaa hivyo hadi mwisho, amejilaza kama mtu aliye sebuleni kwake, sahani juu ya mapaja. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya yule mbuzi.

Yote yalikwisha kwa amani. Wakaomba, wakasimama, wakatoka uani kuagana. Nami nikatoka nyuma yao, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kuona. Kitambaa cha kufuma kina matundu. Chokaa ilikuwa imepenya kwenye matundu. Migongoni mwa wazee wote wa Ukambani, juu ya makoti yao meusi, kulikuwa na maua meupe, yamepangwa vizuri, petali kwa petali. Shangazi Mbithe alikuwa na mawili makubwa na ukingo wa visamaki.

Watoto wa ule ua walikuwa wa pili, na hawakuwa mashemasi.

"Wanacheka nini?" akauliza Shangazi.

Mama Nafula alisimama mlangoni, mkono kinywani. Nafula ndiye aliyesema, "Shangazi, una maua mgongoni."

Shangazi alivua koti akalitandaza mbele yake. Wazee wakaanza kugeuzana. Nikajua ni sasa au basi, nikasogea mbele na ile sweta fupi.

"Shangazi, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyepaka. Chokaa inashikwa kwa uji wa unga wa ngano, na mimi sikutia."

"Kwa nini hukutia?"

"Niliununua. Nikauweka mezani. Mama Nafula akadhani ni zawadi."

Alinitazama. Nikaona wazo likifika polepole, kama gari la mizigo.

"Zile chapati?"

"Ndizo."

"Kwa hiyo ukuta uko tumboni mwangu," akasema Shangazi Mbithe, "na mimi ndiye niliyepakwa."

Mzee msemaji ndiye aliyeanza kucheka, kwa sauti ya chini, akajishikilia kwa fimbo yake. Shangazi hakucheka. Alimgeukia Mama Nafula.

"Dada yangu, nilipokuja hapa mara ya kwanza nilizishika nguo zangu."

"Nilikuona," akasema Mama Nafula.

"Uliniona. Na leo nimekuja nikiwa nimekusudia kuzishika. Sasa nani aliniegemeza? Hakuna. Nilisahau tu kwamba niko ugenini." Akalivaa koti lake. Mama Auma alikuwa amefika na brashi ya nguo, akataka kumfuta, naye akamsogeza mkono. "Acha. Nikifika kwetu wataniuliza nimetoka wapi. Nitawaonyesha."

Walipoondoka, Mama Nafula alinigeukia.

"Shemasi, kwa nini hukuniambia unga ni wa ukuta?"

"Ulikuwa umeshanishukuru mbele ya Mama Auma."

"Mara mbili," akasema Mama Auma.

Tulipovitoa vitambaa, tuliona ukuta nao umechorwa. Nyuzi zilikuwa zimebeba chokaa, zikaacha ua la kila kitambaa pale kilipokuwa, kijivu hafifu juu ya nyeupe, kuzunguka chumba chote. Nilisema nitapaka juu yake Jumatatu. Nafula akakataa. Nikaambiwa niifanye chokaa ishike, ukuta ubaki hivyohivyo. Basi Mama Nafula akapika uji mwenyewe, akasimama karibu yangu na mwiko hadi nilipoutia wote ndooni na kuupaka, mwembamba kama maji, juu ya maua yale.

Ninyi mnaoijua ile kazi ya maua ya kitambaa, iliyozagaa baadaye kutoka Makadara hadi Huruma, huko ndiko ilikotoka. Tandaza kitambaa cha kufuma au kipande cha pazia la neti, kibane kisicheze. Chovya sponji, ikamue sana, igonge-gonge kwenye gazeti kwanza, kisha ukutani, usivute. Inua kitambaa kwa kukivuta moja kwa moja kuelekea kwako, usikitelezeshe. Tumia kitambaa kilichochoka, maana hakirudi kuwa cheupe, na mwenyewe hatasahau. Kwa mabaki ya kopo moja utapamba chumba kizima. Watu walinisifu kwa ubunifu, nami kila mara niliwasimulia habari ya chapati, na kila mara walisema, "Shemasi ni mnyenyekevu." Nimechoka kuwaeleza.

Mzee Okumu alisikia habari hiyo kwa mtu aliyekuwa akienda Busia. Alinitumia salamu, na swali moja: koti liko wapi?

Koti lake sijui liko wapi. Natumaini linampa mtu joto. Ila suti yangu ya ushemasi haikutakata. Niliipiga brashi, nikaianika, nikaifua, na weupe ulibaki kwenye mshono wa mgongo. Nikanunua nyingine ya mtumba kwa ajili ya ibada, na hiyo ya zamani nikaitia chini kabisa ya begi la kazi. Nimeitumia kuegemea kuta tangu siku hiyo hadi magoti yalipoamua. Begi sasa liko kwa katibu wa kikundi chenu, pamoja na kipande cha mpira na ile ngazi; kipago cha pili kutoka juu bado ni cha uongo. Koti la suti hiyo msiligawe, hata kanisani wakiomba. Mkimaliza ukuta, livaeni, mwegemee kwa mabega yote mawili, mfumbe macho, na muwaombee wenye nyumba hiyo. Iwe sala ndefu.